Malalamiko Dhidi ya Somo la Kujitathmini

Saluni ya Mama Marcelline,
Rosettenville, Johannesburg

Kwako Mwalimu Chepngetich,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni yule mama msusi aliyekaa mbele kwenye semina yako ya uongozi pale Braamfontein. Ulitufundisha kwamba kiongozi bora hujichunguza, kisha huwauliza anaowaongoza. Nimetii. Sasa naomba somo hilo ulifute.

1. Nilijichunguza kwa haki, nikagundua kasoro yangu ni upole uliozidi. Nilipowatangazia wasichana wangu wa saluni matokeo, mmoja wao, Héritière, alicheka hadi chanuo likamponyoka.

2. Nikauliza, kama ulivyoagiza, "Mimi ni kiongozi wa namna gani?" Hukutuonya kwamba watajibu. Héritière akasema, "Mama, unatugombezaga hata mbele ya wateja." Nikamweleza kwa utulivu kwamba sigombezi, utulivu ambao uliwageuza shingo watu waliokuwa wakingoja kuvuka kwenye roboti, zile taa za barabarani. Hapo mteja, nusu ya kichwa chake haijasukwa, naye akatoa maoni. Mteja! Yeye simwongozi.

3. Ulisema tugawe madaraka. Nikamwachia funguo Carmel, msusi wangu mwingine, nikaenda kukaa kwenye duka la mikate la Mreno ng'ambo ya barabara, nikichungulia. Umeme ukakatika. Nikashika simu, nikingoja waniite. Wao wakatoa viti nje kwenye mwanga, wakaendelea kusuka huku wakiimba. Hakuna aliyenipigia. Nilikula mkate bila kusikia ladha yake. Mwalimu, saluni niliyoijenga kwa sauti yangu iliendelea vizuri bila sauti yangu. Huo ni uongozi, au ni kunizika nikiwa hai?

4. Mume wangu Lambert, ambaye hakualikwa kwenye semina, anadai naye aulizwe.

Kwa hiyo uje mwenyewe uwaambie kwamba ulikosea: kiongozi huulizwa, haulizi.

Wasalimie wanasemina wote, hasa Bwana Josiah wa benki, aliyejipa alama zote. Tulielewana sana.

Ni mimi, niliyekuwa kiongozi kabla ya kukufahamu,
Marcelline

Tanbihi: Kabla ya kuituma barua hii niliwasomea wasichana, nisikie wanaonaje. Carmel alisema ina matusi mengi, nimeyaondoa. Héritière alisema nisiitume kabisa. Nikamfokea. Kisha nikamwomba msamaha, na chanuo likamponyoka tena, maana hajawahi kulisikia neno hilo kutoka kwangu. Semina ijayo tuwekee viti vitatu, mimi na hao wawili.