Hodi ya Upekuzi

Kwa heshima na taadhima, Kitengo cha Upekuzi na Ridhaa cha kiwanja chetu cha ndege kinautangazia umma wa Pemba, na ulimwengu mzima kama una nafasi ya kusikiliza, kwamba suala la kupekua mabegi ya watu bila hati ya mahakama limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Ufumbuzi huo niliubuni mimi, Silima, Mkuu wa Kitengo, nikiwa nakunywa uji.

Tatizo lilianza pale wasafiri walipoanza kuelimika. Zamani mtu akifika mbele ya mashine yetu alifungua begi hata hajaambiwa. Siku hizi anakunja mikono na kuuliza: "Polisi akija kwangu bila hati simfungulii nlango. Weye hati yako i wapi?" Swali lilikuwa zuri, na ndiyo maana lilitukera. Mwanasheria wetu akatufafanulia kwamba hati haihitajiki ikiwa msafiri mwenyewe ameridhia, ila ridhaa hiyo lazima isikike. Sasa nani ataridhia kwa ulimi wake mtu atie mkono kwenye nguo zake za ndani?

Hapo nikakumbuka kwamba mimi ni Mpemba. Mpemba ukimpigia hodi atakujibu karibu. Atajibu akiwa mgonjwa, akiwa amenuna, hata akiwa amegombana nawe asubuhi hiyohiyo. Hafikiri, malezi ndiyo yanayojibu. Basi waraka wangu ukaagiza kwamba begi ligongwe kwa kidole na ipigwe hodi. Likisikika neno "karibu", ridhaa imepatikana, na begi lifunguliwe.

Mafanikio yalitisha. Watu walikaribisha huku bado wanatafuta tiketi. Vitu vya hatari vikazuiliwa kwa wingi: mikasi, manukato, na hasa chupa za mafuta ya karafuu, ambayo ni kimiminika, na kimiminika hakina udogo. Vyote vilihifadhiwa mahali salama. Mahali penyewe sipataji kwa sababu za kiusalama.

Sifa zikafika makao makuu. Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Hija, mzaliwa wa Chokocho hapahapa Pemba aliyehamia Unguja na kunenepa huko, akaja kujionea. Siku ya kuondoka kwake nilimwandalia maonyesho: angesimama kando ya mashine, ashuhudie abiria wa ndege yake wakiridhia mmoja mmoja. Begi lake jeusi nililifunga mwenyewe, na halikupita kwenye mashine, kwa kuwa kiongozi ni usalama tayari, na usalama haukaguliwi.

Kila kitu kilikwenda vizuri hadi alipofika Bi Mwanakhamis wa Kiuyu, mwanamke wa makamo aliyebeba furushi la kanga lililofungwa fundo juu ya fundo. Mkaguzi wetu Asma, binti mwenye adabu zake, akaligonga furushi.

"Hodi."

Bi Mwanakhamis akatazama dari.

"Hodi, Bi Mwanakhamis."

Kimya.

"Hodi!"

Kimya. Asma akainamisha kichwa, akarudi kwenye kiti chake, akakaa.

"Asma!" nikamwita. "Unafanya nini?"

"Nimepiga hodi mara tatu sikujibiwa, Mkuu. Ntu asipojibiwa hurudi."

Waraka wangu haukuwa na kifungu cha mtu kunyamaza. Bila ridhaa nisingeweza kupekua, na bila upekuzi asingeweza kupanda ndege. Nikamsogelea kwa upole wa kiofisi.

"Bi Mwanakhamis, ndege inaondoka. Sema neno moja tu."

"Nlilisema safari ilopita," akajibu. "N'kakukaribisheni, n'kajua nnapokea wageni. Mkanchukulia mafuta yangu ya kumkandia mwanangu miguu. Nyie mgeni gani huyo, akikaribishwa hutoka na kitu cha mwenye nyumba?"

"Yalikuwa kimiminika."

"Leo mwanangu huyo, Laila, yuko hospitali Unguja, uchungu ushamshika, uzazi wa kwanza, kila simu ananlilia mie. Humu mna vitu vya nzazi. Sivifungui mbele ya wanaume hawa wote. N'pelekeni chemba na huyu binti, atazame atakavyo."

Lilikuwa ombi la busara, kwa hiyo nililikataa. Ridhaa ya chemba Mheshimiwa asingeiona.

"Hapa hapa, au baki," nikamwambia.

Macho yakamjaa machozi, lakini hakulia. Akanitazama, akalitazama begi jeusi miguuni pa Mheshimiwa, ambaye wakati huo alikuwa ametupa mgongo akizungumza kwenye simu. Akaenda, akainama, akaligonga.

"Hodi!"

"Karibu! Karibu ndani!" akajibu Mheshimiwa bila kugeuka.

Asma akasimama.

"Kajibu, Mkuu."

"Aliyepiga hodi si mkaguzi!"

"Waraka haukusema nani apige. Umesema neno likisikika, begi lifunguliwe."

Akalifungua. Ile harufu ya karafuu ilitoka kabla ya kitu kingine chochote. Chupa zilijipanga safu kwa safu, nyingine bado zina majina ya wenyewe, na kati yake manukato na mikasi mitatu. Wasafiri wakasogea. Bi Mwanakhamis akanyoosha mkono, akatoa kichupa chenye kitambaa chekundu shingoni.

"Hichi changu. Kitambaa nlikitia mwenyewe."

Mheshimiwa akazima simu. "Silima, hivi ni vitu gani?"

"Zawadi, Mheshimiwa. Kutoka kwa wananchi."

"Wananchi wenyewe wanajua?" akauliza mtu nyuma kwenye foleni, na watu wakacheka kicheko ambacho sikukipenda hata kidogo.

Asma akakipima kichupa. "Hiki ni kidogo, Mkuu. Kanuni inakiruhusu. Tangu siku ile ilikuwa inakiruhusu." Kisha akaligeukia begi. "Lakini shehena hii, Mheshimiwa, haipandi."

Asma na Bi Mwanakhamis wakaingia chemba. Kupitia mlangoni nilimsikia Asma akipiga hodi, mara moja tu, na Bi Mwanakhamis akijibu karibu mwanangu kwa sauti ya mtu anayekaribisha kweli. Akapanda ndege na furushi lake na mafuta yake. Mheshimiwa akabaki na begi, akizungukwa na wananchi waliokuja kuchukua zawadi zao.

Juzi asubuhi kulipambazuka Laila kajifungua mtoto wa kike. Habari hiyo ilinifikia sokoni, na kila aliyenipa aliniangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Niliporudi nyumbani, gari la wachunguzi likasimama nje. Nilichungulia dirishani: hawakuwa na hati. Nikafurahi, maana sheria naijua. Nyumba ya mtu haipekuliwi bila hati wala ridhaa, na ridhaa lazima isikike. Chini ya kitanda changu paliponukia karafuu tangu mwezi uliopita, pangeendelea kunukia kwa amani. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu.

"Hodi!" akaita mwanamume. Nikauma ulimi.

"Hodi humu!" Nikamkazia macho mke wangu Suhaila, naye akajiziba mdomo kwa upande wa kanga.

Ya tatu ilipigwa na Asma, waliyekuja naye awe shahidi. Nilijua nikistahimili hiyo moja atainamisha kichwa na kurudi, na wote watarudi naye.

"Hodi, Mkuu," akasema taratibu.

"Karibu, Asma," nikajibu. "Karibuni ndani."