Soksi ya Mguu wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Nimedhalilishwa. Na muuza nyama!

Jana mazoezini niliinama kufunga kamba za viatu. Yule muuza nyama wa pale kona, ambaye kwenye ligi yetu ya mtaa hushika kibendera pembeni ya uwanja na ndiyo maana tunamwita Kibendera, akasimama nyuma yangu akapaza sauti kwamba mimi, refa wao, nimechorwa ramani miguuni. Ina mito, vijito, mpaka maziwa. Wachezaji wakaja kutazama. Mmoja akauliza mji mkuu uko wapi.

Leo nimejikagua saluni kwenye kioo cha wateja, suruali nimeikunja hadi magotini. Ni kweli. Mguu wa kushoto mshipa umejisokota kama kamba iliyolowa, toka nyuma ya goti hadi kwenye shavu la mguu. Wa kulia una nafuu, ila karibu na kifundo kuna vimishipa vya zambarau, vyembamba, kama buibui amefuma utando. Ajabu! Vimekuja lini? Ndiyo kazi ya kinyozi. Tangu ujana wangu nasimama nyuma ya kiti kutazama vichwa vya watu. Miguu yangu mwenyewe sijawahi kuiuliza hali.

Fainali ni Jumapili ya tarehe 16. Mwenyekiti wa ligi amesema filimbi atapewa mwamuzi mwenye afya njema. Kibendera aliitikia kwa kichwa mara nyingi mno. Anaitaka filimbi yangu. Haipati ng'o.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza: poda ya mke wangu. Ile ya maji, inayoficha madoa. Nilijipaka miguu yote miwili kabla ya mazoezi. Kazi safi! Mguu laini kama wa mtoto mchanga.

Kisha nikakimbia. Jasho likatoka, poda ikateremka. Soksi zangu nyeupe zikawa na rangi ya kutu. Kibendera akauliza kwa upole kama ramani imepatwa na mafuriko.

Nyumbani mke wangu akauliza poda yake iko wapi. Nikasema labda panya. Akataka kujua panya huyo anakwenda wapi akishajipamba.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa mishipa. Mke wangu kaniburuza. Daktari ni mama mfupi mwenye sauti ya chini, haonekani kushangazwa na kitu chochote duniani.

Amenipaka mguu uteute wa baridi, akapitisha kile kifaa wanachotumia kutazama mtoto tumboni. Nikauliza ni wa kike au wa kiume. Hakucheka. Mke wangu alinifinya.

Lakini jamani, nilichokiona! Damu yangu mwenyewe kwenye skrini! Daktari anasema damu ya miguuni inapanda mlima kurudi moyoni. Ndani ya mshipa kuna vijimlango. Vinafunguka damu ipande, vinajifunga isiteremke. Ukisimama siku nzima kama mlingoti, na kama kwenu mmeumbwa hivyo, vinalegea. Damu inashuka, inatuama, mshipa unavimba. Na shavu la mguu ndilo pampu. Ukitembea linasukuma. Ukisimama tu, limelala.

Marehemu mama alikuwa na mishipa hii. Alikuwa akiinua miguu kwenye kochi jioni, tukidhani anaringa.

Tiba ni sindano. Dawa inaingia kwenye mshipa, kuta zake zinagandamana, mshipa unafungwa na mwili unaumeza polepole. Nikauliza damu iliyokuwa ikipita humo itakwenda wapi. Akajibu, “Barabara mbovu ikifungwa watu hawalali njiani, baba. Wanapita nyingine.”

Nimelifikiria hilo njia nzima. Nani anaiambia damu kwamba huku kumefungwa?

Jumamosi, 8 Machi

Nimechomwa, miguu yote miwili. Maumivu ni kama siafu mwenye adabu, anauma mara moja anaondoka. Nilitaka kutazama, nikatazama, nikalazwa chali. Nesi alinipepea kwa faili.

Masharti: nivae soksi za kubana mchana kutwa, miguu yote miwili. Nitembee kila siku. Nisikimbie mpaka daktari aseme. Nisisimame mahali pamoja. Nisioge maji ya moto. Nikipumzika, miguu iwe juu.

Soksi hizo! Zinafika magotini, rangi ya ngozi, ngumu kama matairi. Kuvaa moja ni kazi ya watu wawili. Mke wangu alivuta, mimi nikashika kitanda, kitanda kikatufuata. Tulipomaliza tulikuwa tunahema kama tuliohamisha kabati.

Saluni nimesema nilikuwa kwenye semina ya waamuzi.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata wazo la kisayansi.

Miguu ni miwili. Sindano ni zilezile. Nikivaa soksi mguu mmoja tu, nitajua kama soksi ina kazi au ni mazoea ya madaktari. Hakuna aliyewahi kufikiria hivi! Kulia nimevaa. Kushoto, mapumziko. Mke wangu haoni kwa sababu ya suruali. Soksi ya kushoto nimeificha chini ya godoro.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya. Niiandike yote.

Kwa kuwa sitakiwi kusimama, nimeleta saluni kile kiti cha ofisini chenye vigurudumu. Nanyoa nimekaa, nateleza kumzunguka mteja. Asubuhi ilikwenda vizuri. Wateja wawili walisema huu ndio ustaarabu.

Adhuhuri akaja mwenyekiti wa ligi. Nipunguze kidogo tu, anasema, na tuzungumze habari ya fainali. Nikawasha mashine, nikaanza kwenye kisogo, huku nikimweleza kwamba sijawahi kujisikia mzima hivi. Sakafu ya saluni yangu inainama kidogo kuelekea mlangoni. Nilikuwa sijui. Kiti kinajua.

Nikasafiri. Mashine nayo ikasafiri. Toka kisogoni, juu ya utosi, hadi sikio la kushoto.

Alijitazama kwenye kioo. Kisha akaomba ninyoe zote. Nikanyoa zote. Alipofika mlangoni aligeuka akasema suala la filimbi bado wanalijadili. Aliazima kofia yangu.

Kwenye dirisha la bucha ya Kibendera, pale kona, kulikuwa na meno tupu.

Alhamisi, 13 Machi

Matokeo ya utafiti: mguu wa kulia, mwepesi, alama zimeanza kufifia. Mguu wa kushoto umevimba, una joto, na pale penye mshipa pamekuwa pagumu kama kijiti. Panauma nikigusa. Nagusa kila mara kuona kama bado panauma.

Tafsiri yangu: mguu wa kushoto kwa asili ni mkaidi.

Baadaye. Mke wangu ametandika kitanda. Akaja saluni kwa miguu, ameishika ile soksi kwa ncha mbili za vidole, mbele ya wateja. Akauliza, “Sindano walichoma mguu mmoja?”

Nikaanza kumweleza sayansi. Akapiga goti palepale, akanikunja suruali, akauona mguu. Nilitegemea anifokee. Hakunifokea. Uso ulimbadilika tu, akasema twende.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika ya jana.

Daktari alipitisha kifaa chake polepole, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikauliza anatafuta nini. Akasema anatafuta damu iliyoganda kwenye mishipa ya ndani, kwa sababu ikiwa huko inaweza kung'oka ikasafiri hadi mapafuni. Nikauliza ikifika huko inafanya nini. Mke wangu akasema basi, usiulize tena.

Nilimtazama. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kona, amekumbatia kiatu changu kama mtoto, wala hakuwa anajua kwamba amekikumbatia. Pale ndipo nilipoogopa.

Haikuwepo. Mishipa ya ndani ni safi. Ni damu kidogo tu iliyonaswa kwenye ule mshipa uliofungwa. Akaitoa kwa sindano, nyeusi kama uji wa masizi. Nafuu ikaja papo hapo. Kisha akanivalisha soksi mwenyewe, kwa nguvu ambazo usingezitegemea kwa mtu wa kimo kile, akaniambia kwamba jaribio kama langu wenzake walishalifanya zamani, kwa watu wengi, na kwamba mimi nilichokuwa nacho ni mguu, si maabara.

Kukimbia marufuku. Fainali ndiyo imekwenda. Nimempelekea mwenyekiti filimbi. Alikuwa amevaa kofia yangu ndani ya nyumba.

Jumapili, 16 Machi

Nimetazama fainali nikiwa kwenye benchi, miguu juu ya begi la mipira. Mke wangu pembeni, mlinzi.

Kibendera aliingia uwanjani kwa madaha. Miaka yote pembeni mwa uwanja amevaa suruali ya mazoezi, hata jua likichoma. Lakini refa wa kati lazima avae kaptula. Akaivua suruali.

Lo!

Ramani yangu ni kijiji. Ya Kibendera ni bara zima! Miguu yote miwili, mbele na nyuma, mshipa mmoja mnene kama mpini wa kisu chake. Mtu anasimama buchani toka alfajiri, ungetegemea nini? Uwanja mzima ukacheka. Mimi niliinuka nicheke kwa nafasi, na kicheko kikanikauka. Alikuwa akijitahidi kuvuta soksi juu, na soksi hazikufika.

Mapumziko akapita karibu na benchi, akajifanya anatafuta maji. Akauliza, bila kunitazama, kama sindano zinauma. Nikasema ni siafu mwenye adabu. Akauliza damu inakwenda wapi. Nikamsogezea nafasi akae. Nilimweleza vijimlango, pampu, barabara mbovu, yote. Mke wangu aliongeza habari ya soksi, kwa kirefu.

Kipindi cha pili kikachelewa kuanza.

Jumamosi, 26 Aprili

Daktari ameridhika. Mshipa wa kushoto umelala, utando wa buibui unafifia. Kibendera naye yumo kwenye soksi. Mkewe anasema kitanda chao kimevunjika mguu. Nimeruhusiwa kukimbia. Filimbi imerudi.

Jambo dogo tu. Daktari aliniona nikiisoma karatasi ya masharti kwa kunyoosha mkono hadi mwisho, akanituma kwa mtu wa macho. Macho! Refa apimwe macho? Mtaa ukisikia nimekwisha.

Lakini nimeshapata njia. Ule ubao wa herufi hawaubadilishi. Kibendera ataingia kwanza, atazisoma kwa sauti, polepole, nami nitakuwa nimejibanza mlangoni nazikariri. Kazi yangu ni kusikiliza tu. Na masikio yangu, Mungu ashukuriwe, hayana kasoro.

Mke wangu amekuja kusimama mbele yangu na upawa mkononi. Anadai ameniita kula mara nne. Mwongo. Sijasikia hata moja.