Goti la Mama na Mshipi wa Kijana wa Mwaka

Jumamosi, 11 Aprili
Wiki moja tu! Jumamosi ijayo vijana kumi na wawili tunatambulishwa rasmi kwenye sherehe ya vijana, mbele ya mji mzima wa Montgomery. Koti la mkia, glavu nyeupe, jina lote kwenye kipaza sauti: Ellsworth Percival Gaines wa Tatu! Mwishoni mmoja wetu atavishwa begani mshipi wa Kijana wa Mwaka. Lazima niwe mimi. Asiupate Broderick Tolliver, anayefungulia watu hata milango isiyo yake.

Tatizo ni dansi ya walsi. Kila kijana hucheza na mama yake, na majaji hutoa alama. Mama nampenda, lakini akicheza utadhani anaua mende. Bibi, mama yake Baba, ndiye mchezaji. Basi nimemwambia Mama kwamba mwaka huu kamati ya sherehe inataka mabibi. Bibi nimemwambia Mama anaumwa goti, ila ni siri. Mama akasema sawa, akaenda kukunja nguo.

Jumapili, 12 Aprili
Ole wangu! Bibi na siri! Mchungaji alipouliza nani ana haja ya maombi, Bibi akasimama na kofia yake ya zambarau. Akaomba kanisa limkumbuke mkwewe, goti limekufa kabisa. Mama alikuwa viti viwili mbele, mzima wa afya. Kina mama wanane wakamzunguka, wakamwekea mikono. Mmoja akampaka mafuta hadi kwenye soksi. Aliombewa robo saa nzima, huku akiniangalia mimi tu.

Garini akaniuliza kwa upole goti lake lilianza kuuma lini. Nikasema labda ni baridi. Akasema basi acheze Bibi, maana yeye ni mgonjwa. Nimeshinda!

Jumanne, 14 Aprili
Mazoezi. Bibi alicheza hadi wapiga muziki wakamshangilia. Broderick hana wa kucheza naye: mama yake ni askari, yuko Ujerumani, amenyimwa likizo. Nilimhurumia kama sekunde nne. Kisha nikasherehekea kwa vipande vitatu vya pai ya viazi vitamu.

Alhamisi, 16 Aprili
Nilikuwa natafuta chaja kwenye gari la Mama. Nikakuta viatu vya dansi, soli zimelika, na kadi ya darasa la walsi. Kila Jumatatu tangu Januari! Siku zote alituambia ni mazoezi ya kwaya.

Roho iliniuma kwelikweli. Nikaamua kumwambia yote. Nikaukumbuka mshipi. Nitamwambia Jumapili, nikiwa nimeuvaa.

Jumamosi, 18 Aprili
Baba alinibandika ua kifuani. Jina langu likasomwa lote. Raha iliyoje! Walsi ikaanza, mimi na Bibi tukaingia. Nyuma yetu akaingia Broderick, na mkononi mwake Mama yangu! Kumbe alijitolea kucheza naye badala ya mama yake aliye Ujerumani. Gauni la kijani, anateleza kama siagi kwenye kikaango. Kanisa letu lote, meza nne, likasimama na kupiga kelele: muujiza! Goti limepona!

Bibi akageuka kuutazama muujiza. Goti lake likakwama.

Tukaganda katikati ya ukumbi. Broderick akaja mbio, akamwinamia Bibi, akamkalisha, akampepea kwa glavu zake. Mama akabaki mbele yangu. Akaninyooshea mkono, akasema, "Njoo hapa, mwongo mkubwa wee."

Nilimkanyaga mara tatu. Yeye hakunikanyaga hata mara moja. Alicheka huku analia, na mimi vilevile. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Kwa dakika mbili nzima niliusahau mshipi.

Wakamvisha Broderick. Nikaukumbuka.

Jumapili, 19 Aprili
Nimesimama kanisani nikaomba radhi: kwa Mama, kwa Bibi, kwa wale kina mama wanane. Amina zikaitikiwa hadi madirisha yakatikisika. Mimi ni mtu mpya.

Mchana nimempigia Broderick. Nimemwambia kamati inataka mshipi ukafuliwe, na mimi ndiye nimepewa kazi ya kuuchukua. Anauleta saa kumi. Ameuliza pia goti la Bibi linaendeleaje. Adabu zake zinachosha.

Bibi ametaka kujua Broderick anafuata nini hapa. Nimemweleza kila kitu, ila nimemwambia ni siri.