Yah: Kingamwili Yenu Inavyomkosesha Mpwa Wangu Shahada

Kwa Mkuu wa Malalamiko,
Kiwanda cha Kingamwili za Utafiti.

Ndugu Mkuu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na sungura wenu wote, maana nina neno na mmoja wao.

Mimi ni fundi wa maabara. Nimekula chumvi nyingi katika kazi hii na sijawahi kumwandikia mtu barua ya ukali. Lakini mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasomea shahada ya uzamili humu humu maabarani, na Ijumaa hii Profesa anataka kuona mstari mmoja tu mweusi kwenye utando wa kipimo. Mstari huo ni wa protini ile inayokaa ndani ya kiini cha seli ya binadamu na kuamua jeni ipi iwake na ipi ilale. Kingamwili yenu ndiyo iliyotakiwa kuishika protini hiyo na kutuonyesha ilipo. Bila mstari, binti anarudi nyumbani mikono mitupu, na dada yangu ataniuliza mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kingamwili yenu haioni. Binti amerudia kipimo mara kumi na moja, na mara zote utando umetoka mweupe pe. Seli tunazopima hazina kasoro. Nimezilea mwenyewe miaka tisa, Jumapili na sikukuu nakuja kuzibadilishia chakula, na watoto wangu wanajua kwamba seli zinakula kwanza.

2. Inaona ikitaka. Ile sampuli ya mfano mliyoitia ndani ya boksi lenu ilitoa mstari mweusi tii siku ya kwanza. Za kwenu inazitambua, za kwetu inajifanya hamnazo. Huo ni upendeleo.

3. Inatuaibisha mbele ya majirani. Niliwaazima maabara ya ghorofa ya juu tone moja, nipate shahidi. Kwao ilifanya kazi vizuri kupita kiasi. Mkuu wao alizunguka korido nzima na picha ya mstari wao mkononi kama mtu aliyepata mjukuu, na alipofika mlangoni kwetu akapunguza mwendo.

4. Sungura. Karatasi yenu ya maelezo inasema kingamwili hii ilitoka katika damu ya sungura mliyemdunga kipande cha protini ya binadamu, ili mwili wake ujifunze kuitambua. Naomba kujua, kwa heshima zote, kama sungura huyo alikuwa makini siku hiyo. Je, amewahi kukutana na binadamu mwingine zaidi ya yule mwenye sindano? Kama hajawahi, basi atakuwa ameondoka akiamini binadamu wote ndio hao, na seli za watu wapole kama sisi atazijulia wapi?

5. Kwa kuwa mambo ni hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, Profesa aandikiwe barua yenye muhuri ikisema kosa ni la sungura, na ifike kabla ya Ijumaa. Pili, sungura huyo apumzishwe kazi pamoja na ndugu zake wa tumbo moja hadi uchunguzi ukamilike. Tatu, kingamwili hii iondolewe katika maabara zote duniani, mkianza na ya ghorofa ya juu.

Nisikufiche kitu. Binti alishauri tuzipime seli zenyewe kwanza. Nilimweleza kwamba hilo ni sawa na kumuuliza mzazi kama ana hakika na watoto wake. Ametuma chupa moja ikapimwe hivyo hivyo, nami nimemwachia, ni ujana tu.

Nisalimie wapishi wa kiwanda, wafunga maboksi, walisha sungura, na yule mwenye sindano, ambaye sina ugomvi naye.

Ni mimi ninayengoja majibu yenu,
Fundi wa Maabara, ambaye pia ni mjomba.

Baada ya kutia sahihi: Majibu ya ile chupa yamefika. Seli ni za panya. Si kwamba zimechanganyika kidogo. Chupa nzima ni panya mtupu. Karatasi yenu, mstari wa tatu, inasema kingamwili hii hutambua protini ya binadamu na haishiki ya panya, nami sikuwa nimefika mstari wa tatu. Inaelekea nilichanganya vibandiko vya chupa mwaka ule tulipohamisha friza. Kumbe utando mweupe ndio uliokuwa jibu, na binti amelipata mara kumi na moja bila kukosea. Profesa alipoambiwa aliomba kiti, kwa sababu uprofesa wake umetoka kwenye chupa hizo hizo.

Malalamiko yangu yote nimeyafuta. Barua inakuja tu kwa kuwa nilikwisha kuigonga muhuri na kuiingiza kwenye daftari la barua zitokazo, na kilichoingia humo lazima kiondoke. Sungura namwomba radhi. Binti hajanilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniuma. Amepewa miezi sita zaidi na seli mpya, za binadamu kweli. Kibandiko cha chupa amekiandika mwenyewe: jina la seli, tarehe, na chini yake, kwa mwandiko wa adabu, “Shikamoo Mjomba, tafadhali usiguse.”