Nyumba ya Mbao ya Shangazi Merle

Jumatatu, 3 Juni. Castlemaine, Australia. Mvua.

Lorna Pascoe, jirani yetu, amenichongea kwa baraza la mji. Eti nyumba yetu ni urithi wa taifa. Urithi gani? Vyumba vinne vya mbao zilizopandiana, kibaraza kilichoinama, choo uani. Aliijenga mchimba dhahabu asiyepata dhahabu, enzi za Malkia Viktoria, na ukoo mzima ukarithi mkosi wake. Mimi nataka fleti mbili za matofali. Alhamisi anakuja mkaguzi. Akisema haina thamani, naleta tingatinga.

Kikwazo cha pili ni Shangazi Merle. Wosia wa baba umenipa nyumba, ila shangazi akae humo maadamu inakalika. Nimemsifia makao ya wazee. Kuna televisheni kubwa. Akasema alizaliwa chumba cha nyuma na atafia chumba cha nyuma, na nikitaka fleti nikajenge kichwani kwa Lorna.

Jumanne, 4 Juni.

Maadamu inakalika! Nimepanda paani upande wa uani na kulegeza mabati mawili juu ya chumba chake. Mvua ikaingia kama mgeni aliyealikwa. Shangazi akatega beseni. Akasema paa nalo limezeeka, linajikojolea kama yeye. Akaniomba nilizibe. Nikamwambia kesho.

Jumatano, 5 Juni.

Leo kazi ya mbele. Miaka ya hamsini babu alizifunika kuta kwa mabamba ya saruji, kama mji mzima ulivyofanya, ili nyumba ionekane ya kisasa. Nikapiga hesabu: chini ya mabamba mbao zitakuwa zimeoza. Mkaguzi auone uozo kwa macho yake. Nikayabandua yote kwa nyundo. Lorna akapiga kelele uani kwake kwamba yana asbesto, vumbi lake huua mapafu, nivae barakoa. Nikamjibu aivae yeye, mdomoni.

Giza likaingia kabla sijaona nilichofunua. Shangazi anakohoa. Ameomba blanketi kavu. Hakuna.

Alhamisi, 6 Juni.

Msiba! Mbao ni nzima, kama nguo ya sandukuni. Rangi ya kwanza ipo, misumari ya kwanza ipo. Babu alizihifadhi bila kujua, nami nimezifunua kwa mkono wangu mwenyewe. Mkaguzi, Bi Hoad, alizipapasa machozi yakimlengalenga. Akasema majumba ya matajiri yamejaa tele, lakini nyumba ya maskini iliyobaki hivi ni adimu. Huo unyonge wake ndio thamani yake. Akanishukuru kwa jina. Lorna akaleta skonzi.

Shangazi alisikia yote dirishani. Akaniambia, "Asante, mwanangu Des, umeniokolea nyumba," akacheka mpaka kikohozi kikamkata. Bi Hoad akauliza kuhusu beseni. Nikasema upepo umelegeza mabati.

Jumapili, 9 Juni.

Ijumaa gari la wagonjwa lilimchukua shangazi. Mapafu. Jana aliomba arudishwe nyumbani, daktari akakataa: chumba kinavuja. Amefariki leo asubuhi, kitanda kimetazama maegesho ya magari. Alitaka kitu kimoja tu duniani. Nimelia kwenye korido, kweli nimelia.

Lorna hakunipa pole. Alisema tu, "Lile paa, Desmond."

Jumatano, 19 Juni.

Imepitishwa. Nyumba inalindwa, hata msumari siung'oi bila kibali. Tumemzika shangazi kwenye tope.

Nimehamia chumba cha nyuma, ili niangalie kazi inavyokwenda. Sheria inanikataza kubomoa. Kuhusu mvua haikusema neno. Boriti zikioza zenyewe, nani atanilaumu? Lorna amekuja na ngazi, akijitolea kurudisha mabati. Nimemfukuza.

Beseni limejaa. Godoro limelowa upande mmoja, nalalia mwingine. Nakohoa kidogo tangu juzi. Vumbi tu. Sitaziba.