Sauna Ambayo Bado Haijaanza

Jumatatu, 2 Juni

Mwezi wa kumi na sita bila kazi. Kiwanda cha karatasi kilifungwa, mimi nikafunguliwa. Leo nimekwenda ofisi ya ajira ya manispaa na wazo langu: sauna, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke, juu ya trela. Mtu ana wageni wengi, mimi naivuta mpaka uani kwake, naiwasha, naondoka. Binti wa kaunta akauliza ni nani katika mji huu asiye na sauna kwake. Nikamwambia wateja wangu ni wale ambao ya kwao imejaa. Akaandika kitu.

Habari njema: ipo ruzuku ya mtu asiye na kazi anayeanzisha biashara. Kila mwezi, miezi sita. Unakula huku unatafuta wateja. Sharti moja tu: usianze kabla ya uamuzi kutoka. Ukishaanza, basi hukuhitaji ruzuku, hupewi. Alilisema mara tatu. Mara ya tatu aliliandika kwenye karatasi na kulipigia mstari. Nimeibandika kwenye friji.

Mke wangu Raili, anayetunza wazee na kunitunza mimi, amenipa mpaka mwisho wa Agosti. Ruzuku ikikosekana, nakwenda kwa kaka yake Pentti. Pentti ana gari la kunyonya vyoo vya mashimo huko kwenye nyumba za ziwani. Anatafuta mtu wa kushika mpira wa kunyonyea. Mimi siushiki ule mpira. Nimeapa.

Jumamosi, 7 Juni

Sauna imesimama! Jiko ni la marehemu mama mkwe. Trela ni ya Pentti, bado hajajua. Bomba la moshi limeinama kidogo, lakini moshi unajua njia yake.

Jirani Ensio Tuhkanen, yule anayekata majani ya uani kama vile mkaguzi anakuja kesho, akaegemea ua. Akauliza ni banda la kuku au Raili hatimaye amenifukuza. Nikamwambia ni biashara. Kisha nikakumbuka friji. Nikamwambia hapana, siyo biashara. Akaniangalia kidogo, akaingia ndani kumwambia mkewe.

Jumatano, 11 Juni

Ombi limekwenda. Kurasa kumi na tisa, kumi na moja kati yake ni michoro. Wamenijibu kwamba mwamuzi ni L. Pellikka. Simjui. Jina zuri.

Jioni akaja Ensio. Sikukuu ya katikati ya kiangazi anatimiza miaka sitini, wageni thelathini, sauna yake inaingiza wanne. Akaweka juu ya ua noti tatu za hamsini. Nikakataa. Nikamweleza sharti. Akacheka mpaka akashika kiuno. Eti, “We Veijo, ukipewa hela unakataa, usipopewa unakwenda kuziomba serikalini. Una homa?” Akazikunja noti polepole, makusudi. Nimelala na uchungu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepata!

Kukodisha ndiko kuanza. Kuazima siko kuanza. Jirani akiazima ngazi, nani aliwahi kusema umefungua duka la ngazi? Nimempa Ensio sauna aijaribu bure. Amelala nayo siku moja, leo kairudisha imefagiliwa, na juu ya benchi pakiti ya kahawa. Nilijua! Watu wa hapa hawawezi kuchukua kitu cha mtu mikono mitupu. Afadhali waruke ziwani mwezi wa Januari.

Kahawa siyo pesa. Nimeweka kibao langoni: SAUNA YA KUAZIMA. HATUPOKEI PESA. Chini yake, kwa herufi ndogo: Nyumba hii hunywa kahawa iliyokaangwa kidogo.

Jumanne, 17 Juni

Sauna haijapoa tangu Jumapili. Mtu wa posta aliazima. Kwaya ya kanisa iliazima, ikaacha pakiti tatu. Mmoja alileta ile nyeusi iliyoungua. Nikamtazama tu, akarudi baada ya nusu saa na ya sawasawa.

Raili akauliza tofauti ya haya na biashara ni nini. Nikamwambia kwenye biashara watu hulipa. Akafungua kabati atoe sukari, pakiti sita zikamwangukia kichwani. Akazipanga upya.

Jumapili, 22 Juni

Niandike yote kwa utaratibu.

Jana, sherehe ya Ensio. Nilialikwa, kwa sababu jiko la mama mkwe hunisikia mimi tu. Mimi ndiye niliyemwagia mawe maji tangu saa nane mchana. Wanaume wakawa wanaingia kwa zamu, wanajichapa kwa matawi kama ilivyo desturi, wanatoka kukimbilia ziwani, mbu wanawasindikiza. Zamu moja tukabaki wawili juu ya benchi, mimi na bwana mmoja mnene mwenye upara, mpole, mtu wa kusikiliza. Akasifu mvuke. Mtu akisifu mvuke wangu, mimi ulimi unafunguka. Nikamweleza yote. Ruzuku, sharti, kahawa. Nikamwambia huyo Pellikka wa ofisini Jumatatu atakaa mezani kwake asome michoro yangu, na mimi nina pakiti thelathini na nane kabatini, na hatajua maisha yake yote!

Akasema, “Aha.” Akaongeza maji kwenye mawe.

Baadaye, tumeshavaa, tunakula soseji na viazi vipya, Ensio akamleta yule mwenye upara, akasema: Binamu yangu huyu, Lasse. Lasse Pellikka, wa ofisi ya ajira.

Nilikuwa nimetoka kwenye nyuzi tisini. Nikaona baridi.

Jumatatu, 23 Juni

Sijala. Nimeona gari la Pentti likipita mara mbili. Mara ya pili alipiga honi.

Raili ndiye aliyenituliza. Akanambia acha utoto, Veijo, yaliyosemwa saunani hubaki saunani. Marehemu baba yake aliwahi kuungama humo kwamba aliiba nyavu za mchungaji, na mchungaji mwenyewe alikuwa benchi la juu. Mchungaji hakusema kitu. Alinunua nyavu nyingine. Miaka kumi na tano wakawa wanavua pamoja.

Nimekula viazi viwili.

Alhamisi, 3 Julai

Pellikka amepiga simu! Sauti ileile ya benchini, lakini imevaa tai. Kasema yeye na mimi hatujawahi kuonana. Kasema anaamua kwa kilichomo ndani ya faili, na faili langu halina doa. Jumatatu anasaini kwamba nimekubaliwa, kisha anakwenda likizo kama nchi nzima. Nishushe kile kibao. Na tafadhali, akasema, nikae kimya. Akarudia: kimya kabisa, bwana Hyttinen.

Nimeshusha kibao. Nimemkumbatia Raili jikoni, naye akaniacha nimkumbatie, jambo ambalo huwa ni la Krismasi. Akasema hakutaka kunionyesha, lakini amekuwa akiamka alfajiri akiwaza huu mwaka utaishaje, maana mgongo wake haumruhusu tena zamu za ziada. Sikujua. Nilidhani ananuna tu. Nikamwambia yamekwisha, mke wangu, yamekwisha.

Ijumaa, 4 Julai

Sikupata usingizi. Mtu ananitendea wema kiasi kile, nami nikae nao hivi hivi? Mimi ni mtu gani? Hata Ensio alileta kahawa!

Asubuhi Raili alipokwenda kazini nikaandika barua. Nainakili hapa kwa kumbukumbu:

“Mheshimiwa Pellikka, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nakushukuru kwa moyo wote kwa kutotumia yale niliyokueleza saunani tarehe 21 Juni, kwamba sauna yangu imekwisha kuniletea pakiti thelathini na nane za kahawa. Hujui, nami sijasema. Pokea pakiti hii moja. Ni ile iliyokaangwa kidogo. Wako, Veijo Hyttinen.”

Nikapanda baiskeli, nikaipeleka mwenyewe kaunta. Yule binti aliifungua, ndiyo kazi yake. Akasoma. Akaniuliza taratibu kama nina hakika nataka iingie kwenye faili. Nikamwambia mimi ni mtu wa shukrani. Akagonga muhuri, akaipa namba. Kahawa nayo ikapewa namba.

Nimerudi nikipiga mluzi. Deni limelipwa.

Jumanne, 8 Julai

Nimekataliwa.

Eti biashara ilikwisha kuanza kabla ya uamuzi. Ushahidi: Kiambatisho cha 1. Nikageuza ukurasa. Mwandiko wangu mwenyewe. Kahawa imerudishwa kwa bahasha kubwa pamoja na fomu ya kusaini kwamba nimeipokea.

Raili alisoma barua amesimama, hajavua hata viatu. Akasoma kiambatisho mara mbili. Akaniuliza nani alinituma kuandika. Nikasema hakuna. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye kiti, akajishika mgongo, akasema, “Veijo, ulikuwa umeambiwa ukae kimya tu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.” Kisha akampigia kaka yake.

Nimeona haya kweli kweli. Sikuwasha sauna leo.

Jumatatu naanza kwa Pentti. Amesema mpira ni mzito mwanzoni, baadaye unazoea. Ameuliza pia trela yake iko wapi.

Jumamosi, 12 Julai

Sikutegemea! Pellikka yuko likizo kwa Ensio, na leo kapita kwenye uwazi wa ua, taulo begani. Akauliza kama jiko lina moto. Tukakaa benchi la juu. Mimi nikamwagia mawe maji kwa adabu.

Kisha akasema. Ile barua ilimkuta mkuu wake kabla yake. Ameitwa, amehojiwa, ameandika maelezo kurasa mbili kuhusu pakiti moja ya kahawa, na hata haijui ladha yake. Miaka ishirini na sita ofisini, kiambatisho cha namna ile hajawahi kukiona. Nikamwomba radhi. Akapunga mkono. Akanambia, kwa vile tuko humu ndani, mtu anaweza kuomba tena, mradi iwe biashara nyingine kabisa. Nimwambie Pentti angoje. Mambo mawili tu: nisianze, na nisimwandikie mtu chochote. Akaninyooshea kidole kilicholowa: “Chochote, we bwana.”

Watu wa namna hii bado wapo duniani! Machozi yalinitoka, nikasingizia mvuke.

Jumapili, 13 Julai

Nimepata biashara. Ilikuwa kabatini muda wote! Kibanda cha kahawa pale gatini, boti za watalii zinapofunga. Mtaji ninao, pakiti arobaini na moja. Raili amesikiliza mpaka mwisho. Amenipa wiki mbili kabla ya kwenda kwa Pentti, akaenda kulala saa kumi na mbili jioni.

Bila shaka sijaanza. Sharti nalijua, liko kwenye friji. Asubuhi nilionjesha tu watu kama ishirini pale gatini, bure kabisa. Wamerudi na sukari. Kilo saba.

Na Pellikka sikumwandikia, nimeshika neno. Nimemwandikia mkuu wake, kurasa tatu, nikamweleza kila alichonishauri pale benchini, ili ajue ana mtu wa aina gani ofisini. Nimeambatanisha pakiti mbili.