Mlango wa Choo cha Wasichana

Jumatatu, 3 Machi. Miezi saba na siku nne tangu niondoke nyumbani.

Leo nimepandisha milango ishirini na saba hadi ghorofa ya nne ya jengo tunalojenga huku ugenini. Mgongo umegoma. Huko nyumbani, choo cha wasichana shuleni kwa binti yangu hakina hata mlango mmoja. Uling'oka muhula uliopita, umeegemezwa ukutani. Mama watoto anasema mtoto hanywi maji tangu asubuhi, asije akabanwa akiwa shule.

Nikauliza kwenye kundi la wazazi kwenye simu. Mwenyekiti, mama muuza vitambaa, akajibu kwamba suala liko mezani. Katibu akaweka dole gumba. Ni wifi yake mwenyekiti. Makamu naye akaweka dole. Ni jirani wa mwenyekiti, wanagawana ukuta. Kamati ndiyo imeisha hapo. Mwaka wa nne sasa. Mimi nawaita Meza Kuu.

Mama watoto kasema mlango hautaki kamati, unataka nyundo. Siasa haielewi.

Jumatano, 5 Machi

Meza Kuu wametangaza kazi ya pamoja Jumamosi. Mlango utarudishwa. Hapo nikapata akili: asipotokea mtu, wataumbuka, watajiuzulu, nami nitaingia. Mlango nitausimamia mwenyewe, kutoka huku huku.

Saa ya chai nikawaandikia wazazi mmoja mmoja kwamba wasiende. Msimamizi akaniuliza niliajiriwa kwa mgongo au kwa vidole.

Fundi baiskeli, baba wa mapacha, akajibu kwamba nisihangaike, hakuwa na mpango wa kwenda. Hajawahi kwenda. Wengine thelathini wakajibu vivyo hivyo.

Nimewashawishi watu thelathini na mmoja kwa siku moja. Kipaji hiki kilikuwa kinaozea kwenye mifuko ya saruji.

Jumamosi, 8 Machi

Hakwenda mtu. Hata Meza Kuu wenyewe, wamechoka kufika peke yao.

Alikwenda mama watoto. Nilisahau kumwambia.

Alikuwa na bawaba, skrubu na bisibisi ya kuazima. Kakaa hadi saa sita. Mlango hautundikwi na mtu mmoja. Mmoja hushika, mwingine hukaza. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote kwenye kundi. Akanipigia, akasema alihitaji mikono miwili tu ya ziada. Kisha akauliza, taratibu sana, kama nina habari yoyote kuhusu jambo hili.

Nikamwambia mtandao unasumbua.

Jumapili, 9 Machi

Meza Kuu wamejiuzulu. Mwenyekiti alituma sauti ya dakika kumi na moja. Kwamba kila mwaka aliomba watu, kila mwaka watu wakajificha, ndipo akamvuta wifi yake kwenye kamati, kisha jirani. Kwamba sisi wazazi ni hodari wa kulaumu, kazi ikija kila mmoja ana harusi. Akatoka kwenye kundi.

Sikuisikiliza yote.

Mwalimu mkuu akauliza nani atajitolea. Hiyo ilikuwa asubuhi. Saa kumi alasiri nikajitolea. Sikupata mpinzani. Ushindi wa kishindo.

Jumatano, 12 Machi

Nimeunda kamati mpya, safi. Katibu ni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto. Makamu ni mwenzangu wa chumbani hapa. Hana mtoto pale shuleni, lakini ana msimamo.

Nikatangaza kwamba suala la mlango liko mezani. Madole mawili papo hapo. Wazazi wengine hawakuweka hata dole moja. Watu hawa hawajitumi kabisa.

Mchana mama watoto akaandika kwamba mlango umeshatundikwa. Yeye alikaza, mama muuza vitambaa alishika. Nusu saa. Mtoto leo kamaliza chupa nzima ya maji.

Nikamkumbusha kwamba kazi imefanyika bila idhini ya kamati. Nikaagiza choo kifungwe kwa kufuli hadi mwenyekiti, yaani mimi, atakapokizindua rasmi. Madole mawili. Mama watoto akajibu kwamba choo hakifungwi, kufuli la mlango huo kalinunua yeye, ufunguo anao yeye, na nikija kuzindua nibishe hodi kama wengine.

Narudi mwisho wa Agosti, msimamizi akikubali. Utepe wa uzinduzi nimeshanunua.